Mapitio ya kozi ya urefa wa soka la watoto, kutoka kwa kipa mstaafu

Nilidaka mpira miaka kumi na tisa. Wachezaji wenzangu wa zamani wakinikumbuka, hawataji mikwaju niliyookoa. Wanataja mdomo. Refa akipuliza tu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka golini, mikono imetandazwa, namweleza alipokosea. Kwa hiyo nilipojiandikisha kwenye kozi ya awali ya waamuzi wa mechi za watoto na vijana, nilijua sehemu ya sheria nitaipita nikiwa nimefumba macho. Nilichohitaji, kwa hesabu zangu, kilikuwa filimbi na bukta nyeusi.

Siku ya kwanza tukapewa karatasi ya maswali ishirini kabla hata hatujajuana majina. Nilipata tisa. Kijana wa miaka kumi na sita aliyekaa kando yangu, sharubu zake bado zinatafuta njia ya kutokea, alipata kumi na saba.

Waandaaji siwataji, maana nina malalamiko yangu na nimeshawaandikia wenyewe. Ila kozi yenyewe naieleza kwa urefu, kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni ya watu kabla ya kulipa ada, nilikuta sentensi mbili mbili tu: "kozi nzuri", "nimejifunza mengi". Hayo hayakunisaidia kitu.

Mpangilio ulikuwa hivi: masomo ya mtandaoni unayoyafanya nyumbani kwa wakati wako, siku mbili za kukutana ana kwa ana, mtihani wa kuandika, halafu mechi tatu za kuchezesha chini ya uangalizi wa mlezi, yaani refa mzoefu anayesimama pembeni na daftari.

Nianze na ile karatasi, kwa sababu ndiyo iliyonivunja kiburi. Swali la kwanza lililoniumbua: kipa anapiga mpira wa goli, beki wake anaupokea ukiwa bado ndani ya kumi na nane. Uamuzi wako? Nikaandika kwa mwandiko mkubwa: upigwe upya. Nilicheza hivyo maisha yangu yote. Kumbe tangu 2019 mpira wa goli uko mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea dhahiri, hauna haja ya kutoka nje ya boksi. La pili: mchezaji anarusha mpira wa pembeni kumrudishia kipa wake, kipa anaukosa, unatinga wavuni. Mimi: goli la kujifunga. Jibu: kona, kwa kuwa mpira wa kurusha hauwezi kuzaa goli moja kwa moja, hata ukiurusha kwenye goli lako mwenyewe. La tatu: mpira umemgonga refa na kuingia golini. Nikaandika goli, kwa sababu zamani refa alihesabiwa kama nguzo. Siku hizi refa anasimamisha mchezo na kuudondosha mpira upya.

Lakini lililoniuma lilihusu makipa wenyewe. Kipa akikaa na mpira mikononi kupita muda anaoruhusiwa? Sekunde sita, nikaandika, na adhabu ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Sheria hiyo niliijua vizuri kwa sababu niliivunja kila wiki na hakuna refa aliyewahi kunipulizia. Kuanzia msimu wa 2025/26 ni sekunde nane, refa ananyoosha mkono na kuhesabu zile tano za mwisho kwa vidole kila mtu aone, na zikiisha wapinzani wanapewa kona. Chumba kizima kilicheka niliposema kwa sauti, "Kona? Kwa kushika mpira?"

Mkufunzi wetu mkuu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hakucheka. Alisema wachezaji wa zamani ndio wanaofeli zaidi karatasi ile, kwa sababu mchezaji anajifunza sheria mwaka anaoanza kucheza, basi, halafu anaishi nazo. Akatueleza sheria zinatoka wapi: Bodi ya Kimataifa ya Soka, IFAB, iliyoanzishwa 1886, miaka 18 kabla ya FIFA yenyewe kuzaliwa. Kura ni nane tu, nne za FIFA na moja moja za vyama vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, na badiliko halipiti bila kura sita. Kitabu kipya kinaanza kazi 1 Julai kila mwaka. "Wewe mara ya mwisho umekisoma lini?" aliniuliza. Sikuwahi kukisoma. Miaka kumi na tisa ya kubishana na kitabu ambacho sikuwahi kukifungua.

Masomo ya mtandaoni nitayapita haraka kwa sababu hata wao waliyapita haraka. Ni video za wachezaji wa kulipwa, kamera kila pembe, marudio ya polepole, halafu unaulizwa: njano au nyekundu? Mtu anayekwenda kuchezesha watoto wa miaka kumi na moja hana marudio, hana kamera, na hapo anapoenda faulo nyingi ni watoto wawili kuukimbilia mpira mmoja bila breki. Kibaya zaidi, ukibonyeza kitufe cha kuendelea bila kusikiliza neno, programu haijali. Nilijaribu. Nikapewa hongera.

Uwanjani ndipo ada yangu iliporudi.

Asubuhi ya siku ya pili Mwalimu alitupanga mstari mmoja, kila mtu na filimbi yake. Yeye akasimama mbali kiasi, akatupa mgongo. Akasema: pulizeni mmoja mmoja, kila mtu achague kimoja kati ya vitatu, faulo ndogo, faulo mbaya, au penalti. Mimi nitakisia mmeamua nini. Kijana wa sharubu akapuliza. "Faulo ndogo," Mwalimu akasema bila kugeuka, na ilikuwa kweli. Mwingine akapuliza. "Penalti." Kweli. Ilipofika zamu yangu nilichagua faulo mbaya, nikajaza mashavu, ikatoka sauti kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Kimya. Mwalimu akageuka polepole, akaniangalia, akauliza, "Hiyo ni faulo, au unaomba ruhusa?"

Basi tukakaa saa nzima kwenye kupuliza tu. Hewa haitoki mashavuni, inatoka tumboni. Unaijaza, unaiziba kwa ncha ya ulimi kwenye tundu la filimbi, kisha unauondoa ulimi ghafla, na sauti inatoka imekatwa mwanzo na mwisho. Kwa faulo ya kawaida, pigo moja fupi. Kwa jambo zito, pigo refu lenye nguvu, kabla mtoto aliyeumizwa hajanyanyuka kulipiza. Na kuna wakati wa kutopuliza kabisa: mpira uliotoka wazi kwenda kurushwa hauhitaji filimbi, mkono unatosha. Refa anayepuliza kila kitu, alisema Mwalimu, filimbi yake inageuka kelele za mtaani, hakuna anayegeuka.

Hapo hapo nikajifunza kwa nini filimbi yangu ya kizamani, yenye kigololi ndani, iliwekwa pembeni. Kigololi kikilowa mate, au ukipuliza kwa nguvu kupita kiasi, kinakwama, na sauti inakufa. Refa wa mpira wa kikapu kutoka Kanada, Ron Foxcroft, ilimtokea hivyo katikati ya mechi, mpaka akaishia kutengeneza filimbi isiyo na kigololi, ikatoka 1987. Sasa nabeba mbili za namna hiyo, moja mkononi na moja mfukoni.

Zoezi la pili lilikuwa la kusimama. Hili kwangu ndilo lililokuwa gumu, na sioni kama mtu ambaye hakuwahi kuwa kipa ataelewa. Kipa anauona mchezo ukimjia. Yeye katulia, dunia ndiyo inayosogea. Refa akifanya hivyo anakuwa mti katikati ya uwanja. Mwalimu aliwachukua wanafunzi wawili, akawaambia wakimbie kuelekea koni, mmoja amvute mwenzake jezi. Mimi nikasimama nyuma yao, nimenyooka nao. Umeona nini? Sijaona kitu, nimeona migongo miwili. Akanisogeza hatua tatu kushoto. Wakarudia. Safari hii niliviona vidole vinne vimekamata kitambaa ubavuni, na kitambaa kikiachia. Kosa lile lile, mbio zile zile. Hatua tatu tu. Nilikumbuka marefa wote niliowaita vipofu.

Ndiyo maana, walipotufundisha kukimbia mshazari, kutoka karibu na kona moja kwenda upande wa kona ya pili badala ya kufuata mpira kama kuku, nilielewa sababu yake kabla haijaandikwa ubaoni. Mkiwa na wasaidizi wa vibendera, mchezo unabaki kati yako na mmoja wao. Kwenye mechi za watoto mara nyingi uko peke yako, kwa hiyo unakimbia zaidi na unakubali kwamba baadhi ya kuotea utakukosa.

Mambo ya watoto hasa yalifundishwa vizuri, na hapa nawapa heshima yao. Kitabu kinaruhusu mashindano ya vijana kupunguza uwanja, goli, mpira na muda wa mchezo, na kuruhusu mchezaji aliyebadilishwa kurudi tena. Kinaruhusu pia kumtoa mchezaji kwa muda badala ya kumpa kadi ya njano ya kawaida: anakaa pembeni kwa asilimia 10 hadi 15 ya muda wote wa mechi, kisha anarudi. Kila ligi inaamua yenyewe kama itatumia, kwa hiyo refa anasoma kanuni za shindano kabla ya kuvaa njumu. Mwalimu aliipenda adhabu hii kwa watoto. Mtoto aliyekasirika anapewa dakika za kupoa.

Kadi nazo tulipewa kisa chake. Mwaka 1966, kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Argentina, refa Mjerumani alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, na ikachukua dakika nyingi kwa mtu kukubali kuondoka, kwa kuwa hawakuwa na lugha ya pamoja. Ken Aston, aliyesimamia waamuzi kwenye mashindano yale, akapata wazo kutoka kwenye taa za barabarani, na kadi zikaanza kutumika Mexico 1970. Mwalimu alitaka tukumbuke jambo moja kwenye kisa hicho: kadi ilibuniwa ili mtu aelewe. Ukimwonyesha mtoto wa miaka kumi kadi na akabaki amekutumbulia macho, hujamaliza kazi, mwambie kwa nini.

Kisha ukaguzi kabla ya mechi. Alishika nguzo ya goli la kuhamishika akalitikisa, likayumba, akatuambia goli ambalo halijafungwa chini halichezewi, hata kama timu zote mbili zimeshajipanga na wazazi wanaangalia saa. Hereni na bangili zinavuliwa, hazifunikwi kwa plasta. Vikinga ugoko viwe ndani ya soksi. Usiingie peke yako chumba wanachobadilishia watoto. Mtoto akigongwa kichwa, unasimamisha mchezo papo hapo, huangalii nani ana mpira. Yote haya yalichukua dakika arobaini na hakuna dakika iliyopotea.

Sasa malalamiko.

Kuhusu watu wazima wa pembeni ya uwanja, kozi nzima ya siku mbili ilitenga dakika ishirini, mwisho kabisa wa siku ya pili, watu wameshaanza kufunga mabegi. Tuliambiwa tuwe watulivu. Tuliambiwa kwamba tangu 2019 refa anaweza kumwonyesha kocha kadi kama anavyomwonyesha mchezaji, na kwamba ukishindwa kumjua aliyekosea kwenye benchi, adhabu inamwangukia kocha mkuu aliyepo. Vizuri. Lakini mzazi hapewi kadi, na wazazi ndio wengi. Kwao unazo njia nyingine: unasimamisha mchezo, unawaita makocha wote wawili, unawaomba wawatulize watu wao, na isiposaidia unaweza kuahirisha au kuvunja mechi. Hiyo tulipewa kama sentensi. Hatukuifanyia zoezi hata mara moja. Saa nzima ya filimbi, na hakuna hata dakika tano za mtu mmoja kukupigia kelele usoni ili ujue miguu yako itafanya nini. Kijana wa sharubu alinyoosha mkono akauliza, "Sasa mimi nina miaka kumi na sita, yule mzee ni rika la baba yangu, nitamwambiaje anyamaze?" Akajibiwa kwamba uzoefu utamfundisha. Mtoto wa watu.

La pili ni mlezi. Kwenye maelezo ya kozi imeandikwa mechi tatu chini ya mlezi. Mlezi wangu alikuja moja. Mbili nilizichezesha peke yangu na fomu ikasainiwa hivyo hivyo.

Lakini ile moja, acha niieleze.

Ilikuwa mechi yangu ya kwanza, watoto chini ya miaka kumi na mbili. Kipindi cha kwanza kilikwenda salama, isipokuwa mara moja nilipopuliza faulo haraka huku winga aliyeangushiwa mwenzake akiwa tayari anakwenda na mpira golini. Nilitakiwa kuhesabu moja, mbili, nione kama kuna faida, ndipo nipulize. Winga alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

Kipindi cha pili, beki akamrudishia kipa wake mpira kwa mguu, taratibu, na kipa akaudaka. Filimbi. Pigo zuri, kutoka tumboni. Sheria hii naijua ndani nje, ilinikuta golini mwaka 1992 nikiwa na miaka kumi na saba, nikaichukia kwa moyo wote kwa sababu kabla yake ningedaka kila pasi ya beki na kupumzika nayo. Mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Nikanyoosha mkono juu, wima, kama kitabu kinavyotaka, ili kila mtu ajue lazima mpira uguswe na mchezaji wa pili kabla ya goli kuhesabiwa.

Mtoto mmoja, jezi imemzidi mpaka magotini, akauweka mpira, akarudi nyuma hatua nne, akapiga kombora moja kwa moja kimiani. Hakuna aliyeugusa njiani. Wenzake wakamrukia, wakaanguka wote chungu moja. Na mimi, mkono bado uko juu, nikaelekeza mpira wa goli.

Pembeni pakawaka moto. Mzazi mmoja aliingia uwanjani hatua mbili. Kocha alikuwa anauliza mbingu. Nikasimama pale nikiwa sahihi kwa asilimia mia, nimenyamaza kimya. Yule mtoto alikuja mpaka mbele yangu, hakuwa na hasira hata kidogo, akauliza, "Refa, mbona limeingia?"

Nikasema, "Ni sheria." Ndilo jibu nililompa.

Baada ya mechi mlezi alikuja na daftari lake. Nilitegemea aanze na lile la faida. Aliniambia, "Mkono wako ulikuwa juu vizuri sana. Mdomo wako ulikuwa wapi?" Akaeleza: watoto wa umri ule hawajui mkono ule una maana gani, nusu ya wazazi hawajui, kwa hiyo unatembea mpaka kwa mpigaji, unaonyesha mkono, unasema kwa sauti wote wasikie, lazima mtu wa pili auguse kwanza. Sekunde tatu. Hakuna sheria inayokukataza. Na yule mzazi angebaki nyuma ya mstari wake.

Miaka kumi na tisa sikufunga mdomo golini, halafu siku niliyopewa filimbi nikageuka bubu. Maneno yale machache ya mlezi yalinifaa kuliko masomo yote ya mtandaoni, na ndiyo maana kukosekana kwake kwenye mechi mbili zilizofuata kuliniudhi kuliko kawaida. Niliwaandikia waandaaji kuhusu hilo na kuhusu zile dakika ishirini. Wamejibu kwamba wanalifanyia kazi.

Nikiulizwa kama kozi inafaa, nasema ndiyo, na kwa mchezaji wa zamani nasema ndiyo mara mbili, hata kama huna mpango wa kuchezesha mechi. Kaa tu na ile karatasi ya maswali ishirini. Kijana ambaye ndiyo anaanza pia aende, ila asiende bila mkubwa wa kusimama naye kwenye mechi zake za mwanzo. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: mlezi anakuja mechi zote au anasaini tu, na zoezi la uwanjani linachukua muda gani. Wakikujibu kwa kukusifia programu ya mtandaoni, tafuteni kwingine.

Nimeshachezesha mechi kumi na moja sasa. Ya wiki iliyopita, kipa wa miaka kumi na tatu alitoka golini mbio, mikono imetandazwa, akaanza kunieleza nilipokosea. Nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikamweleza nilichoona, akarudi golini. Akiwa njiani akageuka tena, alikuwa na jambo la nyongeza.